Majoka Ameanguka, Soko Litafunguliwa na Nani?

Wahenga walinena kwamba ukiona vyaelea, vimeundwa. Methali hii hunijia akilini kila ninapoingia darasani kufundisha fasihi, kwa maana nchi ya kubuni iliyo mashuhuri kuliko zote katika Kiswahili, Kusadikika ya marehemu Shaaban Robert, yaelea angani. Haikutua juu ya ardhi kama nchi nyingine. Hata hivyo ina mfalme na mawaziri, ina baraza na magereza, ina washtaki na washtakiwa. Haikuota kama uyoga baada ya mvua. Iliundwa, na aliyeiunda alikuwa na sababu.

Leo nataka tuzungumze, walimu wenzangu na wanafunzi wetu, juu ya nchi za aina hiyo. Hazimo katika ramani yoyote ya somo la Jiografia, lakini watoto wetu wanazijua kuliko wanavyozijua Chadi na Msumbiji. Wanawajua watawala wake kwa majina, wanazijua hila zao, na wanaweza kukutajia sifa sita za kila mmoja wao kabla hujamaliza kufuta ubao. Swali langu ni hili: je, tumewafundisha nchi hizo zinavyoendeshwa, au tumewafundisha namna zinavyoangushwa tu?

Sikulitunga swali hilo mimi. Niliulizwa. Mwaka wa 2019 nilikuwa nikifundisha tamthilia ya Kigogo ya Pauline Kea katika kidato cha tatu. Tulifika tamati. Majoka, yule kiongozi wa jimbo la Sagamoyo, ameachwa na watu wake, na umma umeukataa utawala wake. Nikakifunga kitabu kwa kishindo kidogo, kama afanyavyo mwalimu aliyeridhika na kazi yake. Mkono mmoja ukainuka nyuma ya darasa. Ulikuwa wa msichana ambaye mama yake aliuza nyanya na vitunguu katika soko la mji wetu. Akasema: “Mwalimu, Majoka ameanguka. Soko la Chapakazi sasa litafunguliwa na nani? Na kwa pesa gani?”

Nilimjibu kwamba swali hilo lilikuwa nje ya kitabu. Darasa likacheka. Yeye hakucheka. Aliketi, akaandika kitu katika daftari lake, na kengele ikalia. Tangu siku hiyo jibu langu limenikereketa rohoni kama mwiba wa samaki uliokwama kooni, kwa sababu nilijua kwamba swali lake halikuwa nje ya kitabu hata kidogo. Lilikuwa ndilo swali ambalo kitabu kizima kilikuwa kikimwandaa kuliuliza.

Hebu, msomaji mpendwa, tuzitazame nchi hizi kana kwamba ni majirani wanaopakana, tuone wanavyotawaliwa na wanavyokula.

Tuanze na Kusadikika, iliyotolewa mwaka wa 1951. Humo kijana aitwaye Karama anashtakiwa na waziri Majivuno. Hakuiba wala hakuua. Kosa lake ni kutaka watu wa Kusadikika wafundishwe elimu ya uanasheria. Katika kujitetea anawasimulia wasikilizaji wake habari za wajumbe sita waliotumwa pande zote, mashariki na magharibi, kaskazini na kusini, mbinguni na ardhini, wakatafute mambo ya kuifaa nchi. Kila mjumbe alirudi na faida, na kila mmoja alilipwa adhabu. Hiyo ndiyo siasa ya Kusadikika kwa muhtasari: nchi inagharimia safari ya kutafuta maarifa, kisha inayafunga gerezani maarifa yakirudi. Jirani yake Kufikirika, nchi nyingine ya mwandishi yuyo huyo, ilimfukuza mwalimu kwa sababu ya mambo aliyotaka kumfundisha mwana wa mfalme. Sisi walimu hatuhitaji kufafanuliwa hilo.

Tukishuka hadi Butangi, nchi ya tamthilia ya Kifo Kisimani ya Kithaka wa Mberia, iliyochapishwa mwaka wa 2001, tunamkuta mtawala Bokono na kisima. Yule anayewaamsha watu, Mwelusi, anauawa na Gege, ndugu yake wa damu, aliyerubuniwa kwa ahadi. Mahali pa mauaji ni pale pale wanapoteka watu maji. Mwandishi hangeweza kutuonyesha kwa uwazi zaidi kwamba mwenye kulinda kisima ndiye mwenye kushika koo la nchi.

Mji wa Cheneo, katika Mstahiki Meya ya Timothy Arege ya mwaka wa 2009, una baraza, una madiwani, na una hospitali isiyo na dawa. Mkewe Meya huenda kujifungulia ng'ambo. Wafanyakazi wanagoma, taka zinarundikana, na wakubwa wanatafuta njia za kujiongezea marupurupu. Sagamoyo ya Majoka ina soko lililofungwa, soko ambalo wachuuzi walitozwa kodi na bado likanuka uchafu, ili pajengwe hoteli ya kifahari. Katika Wahafidhina, nchi ya riwaya ya Chozi la Heri ya Assumpta Matei, ushindi wa mwanamke katika uchaguzi unawafanya majirani wachomeane nyumba, na watu waliokuwa na mali wanajikuta wakilala katika Msitu wa Mamba. Katika Matuo, nchi ya Nguu za Jadi ya Clara Momanyi, Mtemi Lesulia anawagawa Waketwa na Wakule, na ardhi ya wanyonge inakuwa kitoweo cha wenye nguvu.

Mtu akizitandaza nchi hizi mezani pamoja, anaona jambo ambalo mwongozo wa mtihani haumwonyeshi. Kila mwandishi amechagua kiungo kimoja cha mwili wa taifa na kukiminya mpaka tusikie kilio. Shaaban Robert alichagua sheria na elimu; Kithaka alichagua maji; Arege alichagua dawa na mishahara; Kea alichagua soko; Matei alichagua ujirani; Momanyi alichagua kabila na ardhi. Ukiviunganisha viungo hivyo, unapata serikali kamili, yenye wizara zake zote. Hawa ni waandishi wa vipindi tofauti, na baadhi yao hawakupata kuonana, lakini wametuundia kanda nzima ya mataifa.

Sasa tuitazame namna tunavyoifundisha kanda hiyo. Aghalabu tunaifundisha kama barakoa. Swali la kwanza kinywani mwa mwanafunzi, na mara nyingi kinywani mwetu, ni: “Huyu Majoka ni nani hasa?” Tunaivua barakoa, tunanong'ona jina la mheshimiwa fulani, tunacheka, kisha tunahamia kwenye mbinu rejeshi na jazanda.

Mazoea hayo yana asili yake, na si asili ya kubeza. Shaaban Robert alikuwa karani katika serikali ya kikoloni ya Tanganyika. Mtu wa cheo hicho hangeweza kusimama barazani akamwambia gavana kwamba watu wanafungwa kwa kutaka kujua sheria. Aliinua nchi nzima akaitundika angani, mahali ambapo askari hawangeweza kuifikia. Hapa kwetu, Abdilatif Abdalla hakutumia barakoa. Mwaka wa 1968, miaka mitano tu baada ya uhuru, aliandika kijikaratasi alichokiita kwa jina la nchi yenyewe, Kenya: Twendapi? Alihukumiwa kifungo cha miaka mitatu. Katama Mkangi naye alionja kizuizi katika miaka ya 1980, na mwaka wa 1995 akatupa Walenisi, riwaya ambamo Dzombo anahukumiwa kifo cha kurushwa angani ndani ya chombo, lakini anajifunza kukiendesha na kutua katika nchi yenye haki. Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyefariki Mei 2025, alifungwa bila mashtaka kuanzia mwisho wa 1977 hadi mwisho wa 1978. Miaka mingi baadaye aliijenga nchi ya Aburĩria kwa lugha ya Kikikuyu. Waandishi hawa walijua bei ya kutaja jina. Barakoa haikuwa pambo, ilikuwa ngao.

Lakini mwalimu anayeishia kwenye kuivua barakoa humnyima mwanafunzi nusu ya urithi wake. Tukisema “Sagamoyo ni fulani” na kuishia hapo, tunamfundisha mtoto kwamba ugonjwa wa Sagamoyo ulikuwa mtu mmoja, na kwamba mtu huyo akiondoka, homa itashuka yenyewe. Kumbe nchi ya kubuni ni kama ile mashua ndogo ya mti wa mbuyu ambayo watoto wa pwani huichonga na kuijaribu kwenye maji ya kina kifupi. Hakuna atakayezama ikipinduka. Ndiyo maana ni mahali pazuri pa kujifunza kwa nini vyombo hupinduka.

Wiki mbili baada ya swali la yule msichana, niliamua kulijibu. Niliwagawa wanafunzi wangu katika mataifa matano: Kusadikika, Butangi, Cheneo, Sagamoyo na Wahafidhina. Walizozijua kwa vitabu walivyosoma walizijua, nyingine niliwasimulia. Sharti lilikuwa moja: mtawala mbaya amekwisha kuanguka. Leo ni siku ya pili. Kila taifa nililipa punje 100 za mahindi, ndizo ziwe mapato ya mwaka. Zigawanywe baina ya hospitali, shule, soko au kisima, polisi, na mishahara ya viongozi. Ruhusa ilikuwepo ya kutoza kodi, kufanya biashara na kukopeshana. Tulikutana kila Ijumaa alasiri, baada ya vipindi.

Mwalimu mmoja mwandamizi alipita dirishani, akaona mahindi juu ya madawati, akaniuliza kama mahindi yamo katika silabasi ya Kiswahili au ya Kilimo. Nilimwambia yamo katika yote mawili. Alitikisa kichwa akaenda zake.

Ijumaa ya kwanza ilikuwa ya hotuba. Lo! Hotuba tamu ajabu. Ukombozi, haki, usawa, damu ya mashujaa. Kisha ikaja zamu ya kugawa punje. Serikali mpya ya Sagamoyo ilichagua waziri wa fedha, kijana mpole, mzuri wa hesabu, ambaye sikuwahi kumsikia akipaza sauti. Alitangaza kwamba punje 40 zingekwenda kwa mishahara ya kamati ya ukombozi, “kwa kuwa tumeteseka sana.” Soko lilipata punje kumi. Msichana wetu, ambaye wenzake walimchagua awe msemaji wa wachuuzi, alisimama akauliza kama punje kumi zatosha kuondoa taka na kuezeka paa. Waziri alimjibu kwa upole kwamba serikali iliyotangulia iliacha hazina tupu, na kwamba wananchi wawe na subira.

Ijumaa ya pili Sagamoyo ilikopa punje 30 kutoka Wahafidhina, kwa ahadi ya kurudisha 40. Hakuna aliyeuliza hizo kumi za ziada zingetoka wapi. Cheneo nayo ilipoteza punje 12 katika hazina yake. Hadi leo hatujui kama aliyezila alikuwa panya au diwani.

Ijumaa ya tatu deni lilidaiwa. Waziri wa Sagamoyo alitangaza kodi mpya kwa kila mchuuzi. Wachuuzi walikataa. Kelele zikapanda. Kijana yule mpole, uso umemwiva, alinigeukia mimi, ambaye katika mchezo huu nilikuwa mkuu wa polisi, akaniamuru niwaondoe wachuuzi wote kwenye soko mpaka watakapojifunza adabu, na soko lifungwe.

Nilisimama pale, chaki mkononi, nisijue la kufanya. Ndipo msichana akauliza kwa sauti ya chini: “Mheshimiwa waziri, maneno hayo yako ukurasa gani?”

Darasa lilinyamaza kimya. Kijana alikitazama kitabu cha Kigogo kilichokuwa mbele yake, kisha akaketi polepole. Machozi yalimlengalenga. Hakuwa mtoto mbaya, hata kidogo. Hakuna aliyemfundisha ubabe. Alikuwa na deni, alikuwa na mishahara ya kulipa, alikuwa na watu wanaomzomea, na alikuwa na askari. Kwa Ijumaa tatu tu, akiwa na punje 100 za mahindi, alikuwa amefika pale alipofika Majoka.

Nimefundisha kwa miaka mingi, lakini somo hilo lilinifunza mimi. Majoka si jina la mtu. Majoka ni kiti kilichowekwa mahali pasipo na mwanga, na yeyote aketiye hapo muda wa kutosha, akishika hesabu ambazo hakuna anayezikagua, ataanza kuzungumza kwa sauti yake.

Ijumaa ya nne walibadilisha utaratibu, nami sikuwaambia wafanye nini. Sagamoyo iliandika hesabu zake zote ubaoni, kila punje na kazi yake, na ikakatazwa kuzifuta kabla ya wiki kwisha. Mishahara ya kamati ilishuka kutoka 40 hadi 15. Wachuuzi waliunda kamati yao wenyewe ya kukusanya ada na kusafisha soko, kwa sharti kwamba nayo iandike hesabu ubaoni. Butangi iliamua kwamba ufunguo wa kisima uwekwe kwa watu watatu wasio wa ukoo mmoja. Watu wa Kusadikika, wale wa angani, walipitisha azimio kwamba sheria yoyote isomwe kwa sauti mbele ya watu kabla haijaanza kutumika. Walikuwa hawajaimaliza umaskini. Deni la Wahafidhina lilikuwa bado halijalipwa. Lakini hakuna aliyemwita polisi tena.

Huenda msomaji akaona kwamba nimefanya mzaha wa watoto kuwa jambo kubwa. La hasha. Siku ya pili ninayoizungumzia nimeiishi kwa macho yangu.

Tarehe 27 Desemba 2002, chama cha KANU, kilichokuwa kimetawala tangu uhuru wa 1963, kilishindwa katika uchaguzi. Walioiona siku ile hawataisahau. Watu walikumbatiana njiani na wasiowajua. Januari 2003 serikali mpya ikatangaza elimu ya msingi bila malipo, na watoto zaidi ya milioni moja wakamiminika shuleni. Mwaka uliofuata, Mzee Kimani Maruge, mwenye umri wa miaka 84, alijiunga na darasa la kwanza huko Eldoret, na dunia nzima ikastaajabu.

Mimi wakati ule nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Asubuhi ya kwanza ya muhula nilifungua mlango nikakuta watoto zaidi ya 90 mahali palipozoea watoto 40. Walikuwa wameketi watatu watatu katika dawati la wawili, wengine sakafuni, wengine wamesimama dirishani. Nililia kwa furaha, nakiri. Kisha nikauliza, kama yule msichana: madawati yako wapi? Vitabu viko wapi? Walimu wengine wako wapi? Tulikuwa tumejifunza nyimbo za kumwondoa mtawala, na tuliziimba vizuri. Hatukuwa tumejifunza wimbo wa dawati. Ahadi ilikuwa ya kweli na nzuri, lakini kazi ya kuifanya iwe na miguu ilikuwa ndiyo kwanza inaanza, na wengi wetu tulidhani imekwisha. Tulirudi nyumbani tukalala, tukiamini kwamba walioingia ni watu wetu. Tulipoamka, wengine wao walikuwa wameketi katika kile kiti kisicho na mwanga.

Sasa niruhusuni nisogee karibu zaidi. Kigogo ilitahiniwa kuanzia mwaka wa 2018. Wanafunzi walioketi madarasani mwetu miaka ile ndio rika la vijana waliojaa barabarani Juni 2024 kupinga Mswada wa Fedha. Tarehe 25 Juni waliingia hadi ndani ya majengo ya Bunge. Vijana waliuawa kwa risasi, na mama zao wanaomboleza hadi sasa. Siku iliyofuata Rais alitangaza kwamba hatautia sahihi mswada ule.

Magazeti yaliandika mengi kuhusu moshi wa vitoa machozi. Mimi kilichonigusa zaidi kilitokea kabla ya moshi. Vijana waliusoma mswada. Waliufungua ibara baada ya ibara, wakaufasiri kwa lugha za nyumbani, wakawaeleza wazee na wachuuzi ushuru gani ungegusa mkate na ushuru gani ungegusa mafuta ya kupikia. Yule aliyekuwa waziri wangu wa fedha, sasa kijana wa chuo kikuu, alinipigia simu usiku mmoja wa juma lile. Sikumsikia akinadi matusi wala nyimbo. Aliniuliza: “Mwalimu, ushuru wa ziada ya thamani nitamwelezaje nyanya yangu kwa Kiswahili rahisi?” Tulikaa kwenye simu karibu saa nzima.

Nilipokata simu nilimkumbuka Karama. Kijana wa Kusadikika hakushtakiwa kwa kushika upanga. Alishtakiwa kwa kutaka watu waijue sheria. Zaidi ya miaka 70 baada ya kitabu kile kutolewa, watoto wetu walikuwa wakifanya kosa lile lile la Karama, nalo ndilo lililowashtua wenye mamlaka kuliko mawe. Shaaban Robert mwenyewe alifariki Juni 1962, miezi sita hivi baada ya Tanganyika kupata uhuru. Hakuiona siku ya pili ikipevuka. Lakini alikwisha kutuachia dokezo: nchi iliyoelea angani itashushwa ardhini na watu wanaojua sheria zake.

Kwa hiyo, walimu wenzangu, ombi langu si kubwa. Sisemi tuyatupe maswali ya sifa na maudhui. Mtihani ni mtihani, na mwana wa mtu anahitaji alama zake. Waama, mwanafunzi asiyejua muktadha wa dondoo hawezi kuijua nchi iliyomo ndani ya dondoo. Nasema tuongeze maswali matatu, na tuyaulize kila tunapofunga kitabu cha nchi ya kubuni.

La kwanza: katika nchi hii, fedha hukusanywa na nani, kutoka kwa nani, na kwa sheria ipi? Majibu yamo kitabuni. Yamo katika kodi za Chapakazi na katika mishahara ya Cheneo isiyolipwa. La pili: hesabu huonwa na nani? Hapa mwanafunzi atagundua kwamba katika nchi hizi zote hakuna anayeonyeshwa daftari, na ataelewa kwa nini. Kisha mfungulieni Katiba yetu ya 2010, Ibara ya 201, isemayo kwamba masuala ya fedha za umma yaendeshwe kwa uwazi na uwajibikaji, wananchi wakishirikishwa. Mwulizeni kama ibara hiyo ingekuwepo Sagamoyo, nani angethubutu kuidai. La tatu: mtawala wa nchi hii anaweza kuambiwa “inatosha” bila damu kumwagika? Ikiwa hawezi, ni mlango gani unaokosekana katika nyumba hiyo?

Kuna watakaosema kwamba waandishi wetu nao wana lawama, kwa kuwa wengi huishusha pazia siku ya anguko. Kuna ukweli hapo, lakini si wote. Mkangi alijaribu kutuonyesha nchi iliyokwisha kupona, na jina lake, ukilikata vipande, linasema wale ni sisi. Matei alituonyesha watoto waliotawanywa wakiokotwa na kuunganishwa na familia mpya, ambako ndiko kujenga taifa kwa kuanzia sebuleni. Isitoshe, mwandishi hana wajibu wa kutupikia kila kitu. Anatuachia moto ukiwaka. Mwalimu ndiye anayepaswa kuuliza nani ataleta chungu.

Na ninyi wanafunzi, msikubali kuambiwa kwamba swali lenu liko nje ya kitabu. Mimi niliyasema maneno hayo, nami leo nayafuta mbele ya umma. Kitabu kizuri hakina nje. Mkifika ukurasa wa mwisho, ulizeni nani anafagia.

Mapema mwaka wa 2025 nilikwenda katika soko la mji wetu kununua vitunguu. Nilimkuta msichana yule amemshikia mama yake kibanda, maana alikuwa likizoni. Alinisalimu kwa heshima, akanipimia, akanipunguzia bei. Kisha akanionyesha karatasi iliyobandikwa langoni: tangazo la kuwaita wananchi kwenye mkutano wa kutoa maoni kuhusu ada mpya za masoko katika kaunti yetu. “Mwalimu,” akasema, “ni Alhamisi saa nne. Utakuja?”

Nilikwenda. Ukumbi ulikuwa umepangwa viti mia moja. Watu tulikuwa 18. Yeye alikuwa ameketi safu ya kwanza, daftari limefunguliwa mapajani, na alikuwa wa kwanza kuinua mkono.